Mke wa pili wa Luanda Magere: jasusi, msaliti, au mke tu?

#1 MwalimuWaKano, Kisumu

Hamjambo wanajukwaa. Ninafundisha Kiswahili katika sekondari msingi moja huku Kano, na kila Ijumaa baada ya vipindi ninaongoza klabu ya usomaji yenye wanafunzi 31. Muhula huu tulikubaliana kusoma hadithi za majasusi, za kweli na za kubuni, kwa sababu hizo ndizo zinazowafanya hata wavulana wa safu ya nyuma wasahau saa ya mpira. Nilianza na ya kwetu, ambayo karibu kila mtoto wa hapa ameisikia kabla ya kujua kusoma. Luanda Magere, Mluo wa ukoo wa Sidho, alikuwa shujaa ambaye mikuki ilimgonga ikadunda kana kwamba imegonga mwamba. Walang'o, yaani Wanandi, waliposhindwa naye vitani wakamletea binti mrembo awe mke wake kwa jina la amani. Siku alipougua, akamwambia binti huyo asimchanje mwilini bali kwenye kivuli, na damu ikatoka kivulini. Usiku huohuo binti akatoroka kwenda kuwapasha habari wa kwao, na katika vita vilivyofuata kivuli kikachomwa mkuki, shujaa akaanguka, akageuka jiwe.

Nilipomaliza, msichana mmoja wa Gredi ya 8 akainua mkono akauliza: "Mwalimu, huyo mke tumwite jasusi ama msaliti?" Darasa likagawanyika papo hapo, na tulitoka saa kumi na mbili jioni bila jibu. Msimamo wangu ni kwamba alikuwa jasusi kamili. Alitumwa na watu wake, akaishi katikati ya maadui kwa sura ya mke, akaipata siri ambayo jeshi zima lilishindwa kuipata, akaifikisha kwa waliomtuma. Jasusi atakiwa kufanya nini zaidi ya hapo? Nasubiri hoja zenu, maana Ijumaa ijayo nitasimama tena mbele ya watoto hao.

#2 NyarAhero, Ahero

Mwalimu, umesimulia vizuri lakini umeruka mahali pamoja. Katika hadithi aliyotusimulia nyanya yangu, binti yule hakutumwa kutafuta siri. Alitolewa, kama ng'ombe anavyotolewa, ili vita vikome. Siri ilimjia yenyewe siku ambayo mke mkubwa hakuwepo nyumbani, na ni Magere mwenyewe aliyempa wembe mkononi. Nakumbuka nyanya alivyokuwa akifika hapo. Tulikuwa tumeketi jikoni, koroboi ikiwa juu ya mtungi uliofunikwa, naye alikuwa akinyosha kidole na kukipitisha polepole juu ya kivuli cha kaka yangu ukutani, na kaka yangu kila mara aliuvuta mkono wake kana kwamba amekatwa kweli. Kwa nyanya, lawama ilikuwa ya homa na ya mwanamume aliyeshindwa kunyamaza, na binti yule hakumtaja kwa ubaya hata siku moja.

Kwa hiyo ninapinga neno "jasusi". Jasusi huondoka kwao akijua anachokwenda kukitafuta.

#3 KilimaNandi, Kapsabet

Salamu kutoka vilimani. Ninawaomba wenzangu wa Kano wavumilie nikisema jambo moja waziwazi: neno "msaliti" haliwezi kumkaa binti huyo, kwa sababu mtu husaliti walio wake. Yeye alikuwa wetu. Kama alirudi kwao na habari iliyookoa vijana wa kwao wasiuawe tena, basi kwa upande wa mlima huyo anastahili wimbo, hata kama kwa upande wa tambarare jina lake halitamkwi. Mimi nililelewa Nandi na hadithi hii niliisikia kwa mara ya kwanza nikiwa bwenini, kutoka kwa rafiki wa Muhoroni, naye alinisimulia akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeurusha mkuki ule.

#4 MswahiliZiwani, Kisumu (kwetu ni Pwani)

Hoja ya KilimaNandi ndiyo ufunguo, na nitaipima kwa hadithi ya kwetu. Fumo Liyongo, shujaa wa huko Pwani, naye hakuwa akidhurika kwa silaha. Kilichoweza kumuua ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mfalme wa Pate, aliyemhofia, hakutafuta binti wa kigeni. Alimtumia mwana wa Liyongo mwenyewe, akamwahidi cheo na mke. Kijana akamwuliza baba yake siri hiyo, na utenzi unaonyesha kwamba Liyongo alitambua kuna jambo, lakini akamwambia. Akachomwa usingizini. Kilichofuata ndicho ambacho babu alikuwa akikisimulia kwa sauti ya chini: Liyongo aliamka na jeraha lake, akachukua uta na mishale, akaenda kisimani akapiga goti na kuuvuta uta, na akafa akiwa katika hali hiyohiyo, na watu wa mji hawakuthubutu kwenda kuteka maji kwa sababu walidhani bado yu hai na anawalenga.

Tazameni tofauti. Mwana wa Liyongo ni msaliti bila ubishi, kwa kuwa damu ilimfunga kwa yule aliyemuua. Mke wa Magere alifungwa na nini? Kwa ndoa. Je, ndoa iliyofungwa ili kukomesha vita inamfunga mtu kuliko ukoo wake? Hapo ndipo darasa la Mwalimu lingepaswa kubishania.

#5 KijanaWaMumias, Mumias

Mimi niko kidato cha tatu na nimeufuata uzi huu tangu jana. Ninafikiri malipo ndiyo yanayotenganisha. Delila alilipwa vipande 30 vya fedha ili amtoe Samsoni, kwa hiyo ni msaliti. Mke wa Magere hakulipwa chochote, kwa hiyo ni jasusi.

#6 MzeeWaKanisa, Kakamega

Mwanangu wa Mumias, umefikiri vizuri ila umechanganya vitabu. Vipande 30 ni vya Yuda Iskariote. Delila aliahidiwa na wakuu wa Wafilisti vipande 1,100 kutoka kwa kila mmoja wao, nayo imeandikwa katika Waamuzi 16. Na kipimo chako cha malipo kitakusumbua, kwa sababu majasusi karibu wote wa serikali hulipwa mshahara na hakuna anayewaita wasaliti kwao.

Mimi ningependa watoto wasome Yoshua sura ya 2. Yoshua alituma wapelelezi wawili Yeriko, wakalala katika nyumba ya Rahabu, naye akawaficha darini chini ya mabua ya kitani, akawapotosha askari wa mfalme, kisha akawashusha kwa kamba dirishani. Watu wa Yeriko, kama wangebaki hai wa kusimulia, wangemwita msaliti wa mji wake. Waraka kwa Waebrania unamtaja miongoni mwa mashujaa wa imani. Hapo kabla, katika Hesabu 13, Musa alikuwa ametuma watu 12 waipeleleze Kanaani kwa siku 40, na wote waliona nchi ileile, mizabibu ileile na watu walewale warefu, lakini 10 wakaleta habari ya hofu na 2 wakaleta habari ya matumaini. Sehemu hiyo huwa naipenda kwa sababu inamwonyesha kijana kwamba kuiona siri ni kazi moja, na kuisimulia jinsi ilivyo ni kazi nyingine iliyo ngumu zaidi.

#7 KijanaWaMumias

Asante, Mzee. Nimekwenda kuisoma Waamuzi 16 na nimekubali kosa langu.

#8 MkutubiWaNakuru, Nakuru

Nimefanya kazi ya maktaba kwa miaka mingi, na ninaona tunagombana kwa sababu tunatumia maneno mawili kana kwamba ni moja. Mtoto anapokuja mezani kwangu akisema, "Nipe kitabu cha kachero," huwa namwuliza maswali mawili kabla ya kuinuka. Akitaka mtu anayechunguza kifo au wizi kwa akili na subira, nampa Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, ambaye tangu kitabu cha kwanza mwaka 1960 amekuwa akikaa na kiko chake akipanga mambo kichwani. Huyo ni mpelelezi. Akitaka mtu anayetumwa na nchi yake kuvuka mipaka kwa jina la uongo, nampa Willy Gamba wa Elvis Musiba, na huyo ndiye jasusi. Mpelelezi anaweza kugonga mlango akajitambulisha. Jasusi akijitambulisha kazi imeharibika.

Neno lenyewe "jasusi" limetoka katika Kiarabu, kwa mzizi unaohusu kuchunguza na kupekua, na Kurani, sura ya 49 aya ya 12, inawakataza waumini kupelelezana. Kwa hiyo katika lugha yetu neno hili liliingia likiwa tayari limebeba aibu, ilhali "mpelelezi" limebaki neno la kazi, ndiyo maana watafsiri wa Biblia waliwapa watu wa Musa na Yoshua jina hilo. Mwalimu, ukiandika ubaoni, andika yote mawili.

#9 MtuWaGusii, Kisii

Naomba tuwaondoe watoto kwenye ngano kidogo tuwape historia iliyopita hapahapa. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani walivuka kutoka upande wa Tanganyika wakaingia mji wa Kisii, na vita vikapiganwa hapa. Mwezi wa Juni 1915 majeshi ya Uingereza yalipanda meli Kisumu yakavuka ziwa kwenda kushambulia Bukoba, na moja ya malengo makubwa ilikuwa ni kuharibu kituo cha redio cha Wajerumani, kwa maana kituo hicho kilikuwa sikio na mdomo wao ziwani. Mtoto anayesimama leo gatini Kisumu anasimama mahali ambapo msafara huo uliondokea.

Mkuu wa ujasusi wa Waingereza katika vita hivyo aliitwa Richard Meinertzhagen. Ameandika kwamba njia yake bora zaidi ilikuwa karatasi chafu: maajenti wake Waafrika walizikusanya karatasi ambazo maofisa wa Kijerumani walizitumia chooni, na kwa kuwa karatasi za kawaida zilikuwa haba, maofisa hao walitumia barua, amri na orodha za jeshi. Baadaye, mwaka 1917 huko Palestina, anasifiwa kwa kudondosha mkoba wenye nyaraka za uongo ili Waturuki waamini kwamba shambulio kubwa litakuwa Gaza, ilhali lilikuwa Beersheba. Watoto wakisikia habari ya karatasi za chooni hawatasinzia.

#10 KilimaNandi

Ndugu yangu wa Kisii, nimesoma jina hilo nikalazimika kuweka simu chini kwa muda. Kabla ya kuwa mkuu wa ujasusi, Meinertzhagen alikuwa ofisa kijana hapa kwetu. Tarehe 19 Oktoba 1905 alikwenda kukutana na Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wetu, yaani kiongozi wa kiroho, aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza na reli yao kwa takribani miaka 10. Mkutano ulitangazwa kuwa wa mapatano. Koitalel alipigwa risasi akafa palepale pamoja na watu waliofuatana naye. Muuaji alichunguzwa na jeshi lake zaidi ya mara moja akaondolewa lawama, kisha akahamishwa.

Ninaomba Mwalimu aziweke hadithi hizi mbili kando kwa kando ubaoni. Katika ngano ya Kano, sisi Wanandi ndio tuliotumia jina la amani kama vazi la kufichia silaha. Katika historia yenye tarehe na mashahidi, jina la amani ndilo lililotumiwa kumtoa Koitalel nje. Mtoto wa Kano akiijua ya kwanza pekee atakua akiamini kwamba hila ni tabia ya watu wa mlimani. Mtoto wa Nandi akiijua ya pili pekee hataelewa kwa nini jirani yake wa tambarare alikuwa akimsimulia habari ya kivuli kwa uchungu.

Na kuhusu yale maandishi yake: wachunguzi wa baadaye wamegundua kwamba mtu huyu, aliyesifika pia kama mtaalamu wa ndege, alichukua ndege waliokaushwa kutoka katika makumbusho akawaandikia vibandiko vipya vyenye mahali na tarehe za uongo. Shajara zake nazo zimetiliwa shaka, na hata sifa ya ule mkoba wa 1917 wanahistoria wanasema wazo halikuwa lake. Kwa hiyo hadithi ya karatasi za chooni isomwe, lakini watoto wafundishwe kuuliza: aliyetuambia ni nani, na ana sababu gani ya kutaka tumwamini?

#11 MtuWaGusii

Nimekuelewa, na ninakushukuru. Nilikuwa nimemjua mtu huyo kwa sehemu moja tu ya maisha yake.

#12 BintiWaBahati, Nakuru

Nimesita sana kuandika hapa. Babu yangu alikuwa kibarua katika shamba la mlowezi karibu na Nakuru, na mwanzoni mwa mwaka 1954 alikwenda Nairobi kutafuta kazi. Tarehe 24 Aprili mwaka huo Waingereza walianza ile operesheni waliyoiita Anvil, wakauzingira mji na kuwakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Wanaume walipangwa mistari, wakapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Watu walimwita gakunia, yaani kigunia. Hakusema neno. Alitikisa kichwa tu, na kichwa hicho ndicho kilichoamua nani aende nyumbani na nani apelekwe kambi za kizuizini za Mackinnon Road au Manyani. Babu alikwenda Manyani.

Aliporudi aliishi miaka mingi, akalima viazi na njegere, akanibeba mabegani. Lakini hakuna gunia lililoruhusiwa kuanikwa kwenye ua likiwa limesimama. Kila gunia tupu alilikunja mara nne, akalilaza chini, akaliwekea jiwe juu. Nilikuwa na miaka kama 12 nilipomwuliza sababu. Akaniambia kwamba yule wa gunia alikuwa na viatu anavyovijua. Hakuniambia zaidi, nami sikuuliza tena.

Baada ya hapo Waingereza walifanya jambo jingine: wapiganaji wa Mau Mau waliojisalimisha au kutekwa walivishwa nguo zilezile za msituni wakarudishwa msituni kuwawinda wenzao, na ndivyo kiongozi wao Dedan Kimathi alivyosakwa hadi akakamatwa Oktoba 1956. Mkutubi ametupa maneno mawili. Mimi ninawauliza: aliyevaa gunia ni lipi kati ya hayo? Wengine walivaa baada ya kupigwa. Wengine walivaa kwa tamaa ya shamba la jirani. Babu hakuwahi kutofautisha, na mimi siwezi kumlazimisha kutofautisha akiwa kaburini.

#13 NyarAhero

Pole, dada. Nimeisoma mara mbili.

#14 MswahiliZiwani

Pole sana. Swali lako limelivunja lile langu la #4, kwa sababu nilidhani ukishajua mtu ni wa nani, basi jina lake linajulikana.

#15 KijanaWaMumias

Nisameheni kama ninauliza isivyofaa baada ya habari hiyo nzito. Mimi napenda vitabu vya majasusi kwa sababu mhusika huwa peke yake na bado hakati tamaa. Je, hakuna jasusi wa kweli ambaye mtu anaweza kumpenda bila kuona aibu?

#16 MkutubiWaNakuru

Swali lako linafaa kabisa. Nitakupa Noor Inayat Khan. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kisufi kutoka India, mama yake Mmarekani, naye alilelewa karibu na Paris. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaandikia watoto: mwaka 1939 kilitoka kitabu chake cha hadithi 20 alizozisimulia upya kutoka katika masimulizi ya Kibudha, zenye tumbili na simba na ndege wanaojitoa mhanga kwa ajili ya wenzao. Vita vilipoanza akakimbilia Uingereza, akajifunza kutuma ujumbe kwa redio, na Juni 1943 akapelekwa Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani, mwanamke wa kwanza mwendeshaji redio kutumwa huko na idara ya siri ya Waingereza aliyoitumikia. Baadhi ya wakufunzi wake walikuwa wameandika kwamba hafai, mmojawapo akiona kwamba hawezi kusema uongo vizuri. Wenzake wa Paris walikamatwa mmoja baada ya mwingine, akaamriwa arudi, akakataa kwa sababu redio yake ilikuwa imebaki karibu peke yake. Alihama nyumba hadi nyumba akiibeba ndani ya sanduku. Oktoba mwaka huo aliuzwa kwa Wajerumani kwa fedha, na tarehe 13 Septemba 1944 aliuawa katika kambi ya Dachau.

Huwa namfikiria mtoto aliyekisoma kitabu cha tumbili mwaka 1939 bila kujua mwandishi atakuwa wapi miaka 5 baadaye.

#17 MswahiliZiwani

Kwa kuwa tumefika Vita vya Pili, niongeze jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Colombo, Waingereza walihamishia kituo chao cha kusikiliza na kufumbua mafumbo ya Wajapani Kilindini, Mombasa, wakakiweka katika majengo ya shule ya Allidina Visram, juu ya bahari. Hapo, ndani ya madarasa, waliufumbua mfumo wa siri wa meli za biashara za Japani, kisha mwaka 1943 wakaondoka kurudi Colombo. Watu hawa hawakuvaa sura ya mtu mwingine wala kuvunja mlango wa yeyote. Walikaa kwenye viti na penseli, wakahesabu herufi, na meli zikazama mbali. Mwalimu, kipimo chako cha #1 kinasema jasusi huishi katikati ya maadui. Hao utawaweka wapi?

#18 SkautiMstaafu, Bungoma

Waweke kwenye sinia. Ninasema kweli. Katika skauti tuna mchezo wa kukumbuka: unapanga vitu 24 kwenye sinia, unavifunika kwa kitambaa, unafunua kwa dakika moja, unafunika tena, kila mtoto anaandika alivyoviona. Mchezo huo umetoka katika riwaya ya Rudyard Kipling ya mwaka 1901, ambamo mvulana wa Lahore anafundishwa ujasusi kwa kutazama vito kisha kuvitaja, na Baden-Powell akauingiza katika mafunzo ya skauti mwaka 1908. Huyo Baden-Powell, aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, naye amesimulia kwamba alipokuwa akipeleleza ngome za watu alijifanya mkusanyaji wa vipepeo, akawa anachora kipepeo ambaye mistari ya mabawa yake ndiyo ramani ya ngome. Nimecheza mchezo wa sinia na watoto kwa miaka zaidi ya 20, na kila mara nimeona kwamba anayeshinda si mwenye akili nyingi darasani.

#19 MwalimuWaKano

Wanajukwaa, leo ilikuwa Ijumaa, na nimefuata ushauri wa SkautiMstaafu. Sikuwa na sinia, nikatumia ungo wa jirani wa shule. Niliweka ndoana, kifuniko cha soda, punje za mchele katika karatasi, kipande cha chaki, ufunguo, omena mmoja mkavu, tiketi ya feri, mbegu ya embe, na vingine hadi vikafika 24. Mara ya pili niliondoa ufunguo mmoja nikaweka mwingine unaofanana nao. Ni msichana mmoja tu aliyeona. Nilipomwuliza alijuaje, akasema mama yake huuza nyanya barabarani, na yeye huachiwa meza. Amezoea kujua fungu lipi limeguswa hata kama halijapungua.

Kisha niliwasomea machapisho ya KilimaNandi na ya BintiWaBahati, bila kutaja majina yenu. Darasa halikubishana tena kwa kelele. Mvulana mmoja ambaye mama yake anatoka Nandi, jambo ambalo sikulijua, aliomba aisimulie hadithi ya Magere upya, akaanzia siku ambayo baba yake binti anamwambia ajiandae kuolewa na adui. Alikwama njiani, lakini hakuna aliyemcheka.

#20 MamaWaButere, Butere

Mwalimu, nimefurahi kusikia habari ya ungo, na bado nina wasiwasi ambao lazima niuseme. Tunafundisha watoto kutazama, sawa. Kumtazama nani? Mimi nilikuwa jasusi nikiwa na miaka 9. Katika shule niliyosoma kulikuwa na kipande cha mbao chenye tundu, kimefungwa kwa kamba ya katani, kimekuwa cheusi kwa jasho la shingo za watoto. Tulikiita diski. Aliyesikika akizungumza lugha ya mama alivishwa, na njia pekee ya kukivua ilikuwa kumnasa mwenzake akiizungumza. Aliyekuwa nacho gwaride la jioni alichapwa.

Siku moja nilikuwa nacho na saa tisa ilikuwa imepita. Nilijibanza nyuma ya tangi la maji nikingoja. Rafiki yangu wa dawati moja akaja mbio kuteka maji, akajikwaa kwenye jiwe, ukucha wa kidole gumba ukang'oka, akalia akimwita mama yake kwa Kiluhya. Nilitoka nyuma ya tangi nikamvisha diski huku damu ikimtoka. Alinitazama tu. Jioni alichapwa akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

Hakuna aliyenilipa. Hakuna aliyenituma kwa jina langu. Nilikuwa na sababu, nayo ilikuwa ngozi yangu mwenyewe. BintiWaBahati, niliposoma habari ya gunia nililikumbuka tangi lile, nikajua kwamba mimi siwezi kumhukumu aliyevaa gunia wala siwezi kumtetea mbele ya babu yako. Watoto wa Mwalimu wakicheza mchezo wa sinia, waangalie vitu. Waachwe wasiwaangalie wenzao.

#21 BintiWaBahati

Mama, asante kwa kuandika. Rafiki yako mlikuja kuzungumza?

#22 MamaWaButere

Tulizungumza, tukiwa tumeshazaa wote wawili. Alisema anaukumbuka ukucha lakini haikumbuki diski. Sijui kama alisema hivyo kwa wema.

#23 MzeeWaKanisa

Diski hiyo niliiona nikiwa mwalimu kijana, na nilinyamaza. Ninaandika hapa ili ijulikane kwamba walimu wengine tuliona.

#24 SkautiMstaafu

Nakubaliana na Mama kuhusu sinia, ingawa ninaamini mtoto asiyefundishwa kuangalia watu naye hudanganywa na watu. Tutofautiane hapo kwa heshima.

#25 NyarAhero

Nirudi kwa binti wetu. Nimempigia simu shangazi yangu mkubwa, aliye karibu na umri wa nyanya alipofariki. Amesema katika hadithi yake binti hakutoroka usiku uleule. Alikaa siku kadhaa, akamwuguza mumewe hadi akapona, akampikia, ndipo akaenda. Nimemwuliza kwa nini alingoja. Shangazi akasema hilo nimwulize binti mwenyewe. Mwalimu, toleo hilo halikai vizuri na kipimo chako, na ninakiri kwamba halikai vizuri na changu pia, maana mtu aliyejikwaa tu kwenye siri hana haja ya kukaa nayo siku kadhaa.

#26 MwalimuWaKano

Siku hizo za kungoja zimenishinda kabisa. Muhula ujao, shule ikikubali na nauli ikipatikana, nitawapeleka watoto kwenye jiwe lenyewe, ambalo watu walikuwa wakinolea mikuki na visu kabla ya kwenda kuwinda. KilimaNandi, kama una wanafunzi au watoto wa jirani wanaopenda kusoma, tunaweza kukutana hapo asubuhi, kila upande uisimulie kwa mdomo wake.

#27 KilimaNandi

Nitakuja, na nitaleta watoto kama 8. Kuna jambo nimekuwa nikiwauliza wazee wa huku tangu uzi uanze, na bado sijapata jibu moja. Hadithi ya Kano inaishia kwa Magere kugeuka jiwe. Binti alipofika kwao na habari yake, alipokewaje? Mzee mmoja ameniambia aliolewa upya na kupewa ng'ombe. Mwingine ameniambia hakuna aliyetaka kulala nyumba moja na mwanamke anayejua kuuona udhaifu wa mtu. Jumapili nitakwenda kwa mama mmoja anayeishi karibu na mteremko wa Nyando, ambaye nimeambiwa anaijua sehemu hiyo, nami nitaandika hapa atakachoniambia.